Gemu fupi ya hadithi iliyochorwa kwa mkono: kutoka kwenye karatasi hadi kwenye skrini

Maswali ni yale yale. "Nachora, lakini sijawahi kuandika msimbo, nianzie wapi?" "Nitumie injini ipi ya kutengenezea gemu?" "Mbona mchoro wangu unapendeza kwenye karatasi, ukiingia kwenye kompyuta unafifia?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa.

Mwongozo huu ni wa gemu ya aina moja tu. Mchezaji anabofya vitu, mhusika anatembea, mafumbo machache yanafumbuliwa, na hadithi inaisha ndani ya dakika kumi na tano au ishirini. Hakuna maadui, hakuna pointi, hakuna kufa. Kinachobeba gemu ni hali ya mahali: mwanga, sauti, na vitu vidogo vinavyojongea pembeni. Ukitaka kupima urefu unaofaa, mtazame Jakub Dvorský wa Jamhuri ya Cheki. Gemu yake ya kwanza iliyojulikana, Samorost, aliitoa mwaka 2003 ikiwa kazi yake ya kuhitimu chuo cha sanaa mjini Prague, na unaweza kuimaliza kwa mkao mmoja. Machinarium, iliyochorwa kwa mkono na isiyo na mazungumzo ya maneno, ilikuja mwaka 2009 akiwa tayari na timu. Wanaoanza wengi wanaitazama hiyo ya pili na kujipimia kwayo, kisha wanakata tamaa. Jipimie ile ya kwanza.

Jambo moja nitalirudia mpaka likuchoshe: icheze gemu yako ikiwa na michoro mibovu kabla hujachora hata mchoro mmoja mzuri.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi za A4, penseli, kifutio, na kalamu moja ya wino mweusi. Nasema moja kwa makusudi. Unene wa mstari ukibadilika kila mandhari, mchezaji ataona kama gemu imechorwa na watu watatu. Kama utapaka rangi ya maji, hakikisha wino hauyeyuki.
- Skana. Ukikosa, simu yenye kamera nzuri na mwanga wa dirishani vinatosha, ila utasafisha zaidi.
- Kompyuta ya kawaida. Kalamu ya kuchorea kwenye skrini si lazima.
- GIMP au Krita, za kusafishia picha. Zote ni za bure.
- Godot, toleo la 4. Ni injini huria yenye leseni ya MIT, kwa hiyo hulipi kitu hata ukiuza gemu. Ni faili moja, unalifungua linaanza kazi.
- Audacity ya kuhariri sauti, na simu ya kurekodia.

Kuna injini nyingine. Adventure Game Studio imetengenezwa kwa gemu za namna hii hasa, ila kihariri chake ni cha Windows. Ren'Py inafaa kama hadithi yako ni mazungumzo matupu. Mimi napendekeza Godot kwa sababu mradi ule ule unautoa kwa kivinjari, kwa Windows, kwa Linux na kwa simu za Android. Chochote utakachochagua, usikibadilishe katikati ya safari. Kuhama injini ndiyo njia ya heshima ya kutomaliza gemu.

Hatua ya 1: Andika gemu nzima kwenye ukurasa mmoja

Ukurasa mmoja, upande mmoja. Nani, yuko wapi, anataka nini, kinamzuia nini, mwisho unakuwaje. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho wa mwongozo ili tusipotezane:

Mlinzi wa mnara wa taa ya baharini anaamka usiku, taa imezimika na ukungu umetanda. Kuna chombo kinapiga honi huko nje. Mafuta yako ghalani, ghala limefungwa, na ufunguo haupo msumarini pake. Anashuka kuutafuta.

Basi. Mandhari matano: chumba cha taa, ngazi, mlango wa ghala, miamba ya ufukweni, ndani ya ghala. Ukijikuta unaandika mandhari la tisa, umeshaanza gemu nyingine. Liweke kando, lisubiri zamu yake.

Hadithi isiwe na watu wengi wanaoongea. Kila mhusika anayeongea anahitaji uso, mdomo, ishara za mikono, na maandishi ambayo baadaye utatamani kuyatafsiri. Mtu mmoja aliye peke yake usiku ana sababu nzuri ya kunyamaza, nawe umeokoa kazi ya miezi.

Hatua ya 2: Panga mafumbo kutoka mwisho kurudi mwanzo

Anza na tukio la mwisho, kisha jiulize: ili hili litokee, nini lazima kiwe kimetokea kabla? Taa inawaka kwa sababu ana mafuta. Ana mafuta kwa sababu kafungua ghala. Kafungua ghala kwa sababu ana ufunguo. Ufunguo uko wapi? Hapo ndipo fumbo linapozaliwa.

Kwenye mfano wetu, ufunguo umebebwa na kaa kule miambani. Ukimsogelea anajichimbia kwenye ufa. Mchezaji akibofya mara mbili tatu ataona kwamba kaa hutoka mlinzi akiwa mbali, na kwamba kila miale ya mwezi ikipenya mawinguni, kaa huigeukia. Kule juu chumbani kuna kipande cha mshumaa. Mlinzi akiuweka mshumaa juu ya mwamba na kurudi nyuma, kaa anaufuata mwanga, ufunguo anauacha pale alipokuwa.

Fumbo hilo halielezwi kwa neno hata moja. Kila kinachohitajika kinaonekana, na kosa la mchezaji linamfundisha kitu, kwa kuwa kaa anaonyesha tabia yake kila anapokimbia. Fumbo baya ni lile ambalo mtu analifumbua kwa kujaribu kila kitu juu ya kila kitu. Kama huwezi kumweleza rafiki kwa sentensi moja kwa nini jibu ni hilo, litupe.

Mafumbo matatu yanatosha kwa gemu nzima. Mawili pia yanatosha.

Hatua ya 3: Tengeneza gemu mbovu

Hapa ndipo watu wanaruka. Usiruke.

Chora kila mandhari kwa penseli kwa dakika tano. Mlinzi awe umbo la yai lenye miguu. Piga picha kwa simu, ziingize Godot, halafu ifanye gemu ichezeke mwanzo mpaka mwisho kwa takataka hizo.

Fungua mradi mpya. Kwenye mipangilio ya mradi, sehemu ya dirisha, weka ukubwa wa pikseli 1920 kwa 1080, na kwenye Stretch chagua canvas_items, aspect iwe keep. Hiyo inafanya picha ikue au ipungue kulingana na skrini bila kupindika.

Kila mandhari ni faili lake la scene, na scene hujengwa kwa nodi, yaani vipande vidogo, kila kimoja na kazi yake. Ndani yake weka Sprite2D ya picha ya nyuma, na kwa kila kitu kinachobofyeka weka Area2D (eneo la kubofya) yenye CollisionPolygon2D uliyoizungushia kitu hicho. Umbo la kubofya lifanye kubwa kuliko kitu chenyewe, hasa kama gemu itachezwa kwenye simu. Kidole si sindano.

Vitu ambavyo gemu lazima ivikumbuke kutoka mandhari moja hadi nyingine vinahitaji mahali pao. Tengeneza skripti moja, isajili kwenye Autoload (imo kwenye mipangilio ya mradi) kwa jina Hali:

extends Node
var ana_mshumaa = false
var ana_ufunguo = false
var ana_mafuta = false

Halafu mlango wa ghala, ambao ni Area2D, unapata skripti hii, na ishara yake ya input_event (taarifa kwamba imebofywa) unaiunganisha na kazi (function) iliyomo:

extends Area2D

func _on_input_event(viewport, event, shape_idx):
    if event is InputEventMouseButton and event.pressed and event.button_index == MOUSE_BUTTON_LEFT:
        if Hali.ana_ufunguo:
            get_tree().change_scene_to_file("res://ghala.tscn")
        else:
            $SautiKufuli.play()

SautiKufuli ni AudioStreamPlayer (nodi ya kuchezea sauti) uliyoiweka chini ya mlango huo. Usiache kile kipande cha MOUSE_BUTTON_LEFT. Bila hicho, hata gurudumu la kipanya likizungushwa litahesabiwa kuwa mbofyo, na mlango utagonga-gonga wenyewe.

Kwa kutembea, usianze na ramani za njia. Mlinzi atembee kushoto na kulia tu kwenye mstari mmoja. Skripti ya mhusika (mchezaji akibofya, iite nenda ukiipa x ya pale alipobofya):

extends Node2D

var mwendo: Tween

func nenda(x):
    if mwendo:
        mwendo.kill()
    var muda = abs(x - position.x) / 220.0
    mwendo = create_tween()
    mwendo.tween_property(self, "position:x", x, muda)

Makosa mawili ya kawaida yamezibwa humo. La kwanza: mchezaji akibofya mara mbili, amri mbili za kutembea zinagombana na mhusika anatetemeka kama mwenye homa. Ndiyo maana mwendo wa zamani unauawa kwanza. La pili: ukiweka muda ule ule kwa kila safari, mhusika atajikokota akienda karibu na kuruka akienda mbali. Gawanya umbali kwa kasi. Hiyo 220 ni pikseli kwa sekunde, punguza kama mlinzi wako ni mzee.

Sasa cheza. Cheza tena. Hapa utagundua kwamba ngazi ni ndefu kupita kiasi, kwamba kurudi chumbani kuchukua mshumaa kunachosha, kwamba mwisho umekuja ghafla. Kurekebisha kwa sasa ni dakika mbili za penseli. Ukigundua hayo baada ya kupaka rangi, utajidanganya kwamba si tatizo.

Hatua ya 4: Chora mandhari kwa tabaka

Piga fremu ya milimita 288 kwa 162 kwenye A4 iliyolazwa. Uwiano wake ni 16 kwa 9, sawasawa na skrini yako, na kingo zinabaki za kushikia karatasi. Kwenye pembe nne weka alama ndogo za msalaba. Alama hizo zitakusaidia kupanga karatasi mbili zikae juu ya nyingine bila kupishana.

Usichore mandhari lote kwenye karatasi moja. Gawa mara tatu:

- Nyuma: anga, bahari, ukungu. Mistari michache, rangi hafifu.
- Kati: sakafu, mlango, ngazi, yote anayoyagusa mlinzi.
- Mbele: kitu cheusi kinachopita karibu na macho ya mchezaji, mfano kamba inayoning'inia au ukingo wa dirisha. Tabaka hili hupuuzwa, na ndilo linalompa mtu hisia kwamba amejificha mahali anatazama.

Chochote kitakachosogea, kuchukuliwa au kutoweka kichorwe peke yake. Ukichora ufunguo ukutani pamoja na ukuta, mlinzi akiuchukua utabaki pale pale.

Chagua rangi tano au sita za gemu nzima, zipake kwenye kikaratasi, kibandike mbele yako. Kwa mnara wetu: bluu ya usiku, kijivu cha ukungu, kahawia ya mbao, nyeusi ya wino, na manjano moja tu. Hiyo manjano usiiguse mpaka pawe na moto au mwanga. Mchezaji atajifunza bila kuambiwa kwamba penye manjano pana jambo, na mshumaa hautahitaji mshale wa kuuonyesha.

Hatua ya 5: Skani na usafishe

Skani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). Fremu yetu itatoka na upana wa pikseli kama 3400, ambayo ni zaidi ya skrini, na hivyo ndivyo unavyotaka. Safisha picha ikiwa kubwa, ipunguze mwisho kabisa. Ukifanya kinyume chake mistari inapoteza uhai.

Ndani ya GIMP:

Kwanza fungua Levels kwenye menyu ya Colors. Vuta mshale mweusi kuelekea kulia mpaka wino uwe mweusi kweli, na mweupe kuelekea kushoto mpaka ule ukijivu wa karatasi upotee. Hili ndilo jibu la swali la "mchoro wangu unafifia". Skana haioni karatasi nyeupe, inaona kijivu hafifu chenye vivuli.

Pili, kwa vitu vinavyokaa juu ya vingine, tumia Color to Alpha uondoe weupe. Angalizo kubwa: amri hiyo inaondoa weupe wote, pamoja na weupe wa macho na ndevu za mlinzi, kisha ukuta wa nyuma unaonekana kupitia usoni. Tengeneza tabaka chini ya wino, jaza humo umbo lake kwa rangi zake, weupe ukiwamo.

Tatu, rangi zikae chini, wino juu. Ukiwa umeacha weupe kwenye tabaka la wino, liweke kwenye hali ya Multiply na weupe utapotea wenyewe.

Hifadhi kwa PNG. JPEG haina uwazi na inaacha uchafu kandokando ya mistari. Na majina ya mafaili yawe herufi ndogo tupu, bila nafasi: ngazi_nyuma.png. Utanishukuru kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya 6: Vipe vitu uhai

Mwendo wa kutembea unahitaji picha nane. Anayeona nyingi achore nne, kwa gemu ya polepole zinakubalika. Weka karatasi juu ya karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, linganisha ile misalaba, uchore picha inayofuata ukiiona iliyopita kwa chini. Upande mmoja tu unatosha, Godot itamgeuza kwa flip_h. Ila kama mlinzi ameshika taa mkono wa kulia, akigeuka itahamia kushoto. Hakuna anayelalamika, lakini kama litakusumbua, mpe taa ya kuning'inia shingoni.

Kisha ule ujanja ambao ndio roho ya gemu za mkono: mstari unaotetemeka. Chora kitu kile kile mara tatu, bila kujitahidi kifanane kabisa. Ziweke kwenye AnimatedSprite2D, zizunguke kwa picha tano au sita kwa sekunde. Mlinzi aliyesimama tu ataonekana anapumua. Usijaribu kunakili kwa usahihi, tofauti ndogo za mkono ndizo zinazofanya kazi. Ukizidisha tofauti, kitu kitaonekana kinachemka.

Usitetemeshe skrini nzima. Picha moja ya 1920 kwa 1080 hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa takriban megabaiti 8, hata kama PNG yake ni ndogo, kwa sababu kila pikseli inachukua baiti nne. Picha arobaini za skrini nzima ni zaidi ya megabaiti 300, na simu itagoma. Tetemesha mwali wa mshumaa, ncha ya kamba, povu la wimbi. Jicho litajaza mengine.

Badilisha picha mbovu kwa nzuri moja moja, na ucheze gemu kila unapobadilisha. Gemu isipite siku bila kuchezeka.

Hatua ya 7: Mwanga

Weka nodi ya CanvasModulate kwenye mandhari na uipe rangi ya bluu iliyokolea. Kila kitu kinazama usiku kwa mara moja, bila kuchora upya. Kisha PointLight2D yenye picha ya duara lililofifia kingoni, iambatanishe na mshumaa. Ibadilishe nguvu yake kidogo kidogo bila mpangilio, na moto utaonekana moto.

Hatua ya 8: Sauti, nusu ya gemu

Nimeona michoro ya wastani ikibebwa na sauti nzuri. Kinyume chake sijakiona.

Anza na sauti ya mahali, si muziki. Kila mandhari lipewe sauti yake inayojirudia ya dakika moja hivi: upepo kwenye kioo kule juu, maji yakidondoka ngazini, mawimbi ufukweni. Ikiwa fupi sana mchezaji ataanza kuhesabu pale inaporudia. Kwenye Audacity, kata sekunde chache za mwisho, zichanganye na za mwanzo, moja ikififia nyingine ikipanda, ili mshono usisikike.

Rekodi mwenyewe kadiri uwezavyo. Kufuli, hatua za miguu kwenye mbao, kibiriti. Jifunike blanketi wewe na simu, mwangwi wa chumba unapungua. Hatua za miguu rekodi nne tofauti na uzicheze kwa kubahatisha, la sivyo zitasikika kama saa ya ukutani.

Sauti ndefu zihifadhi kwa OGG, fupi kwa WAV. Ukichukua sauti za watu mtandaoni, soma leseni: CC0 inaruhusu chochote, CC BY inataka umtaje mwenyewe, na yenye NC haikuruhusu kuiuza.

Muziki? Weka mahali pamoja tu, taa inapowaka. Kama umekaa kimya muda wote huo, nota nne zitatosha.

Hatua ya 9: Mkalishe mtu acheze, nawe ufunge mdomo

Mtafute mtu asiyejua chochote kuhusu gemu yako. Mpe kipanya, kaa nyuma yake, shika daftari. Usieleze, usigune, usionyeshe kidole. Andika kila anapobofya pasipo na kitu. Mahali hapo panamvutia, kwa hiyo ama pape jibu dogo (sauti, mende anayekimbia), ama punguza mvuto wake.

Mtu mmoja akikwama, huenda ni yeye. Wawili wakikwama mahali pale pale, fumbo ni bovu. Mara nyingi dawa si kuongeza maelezo bali kusogeza kitu: kaa aonekane mapema zaidi, mshumaa uwe katikati ya meza na si pembeni.

Hatua ya 10: Itoe

Pakua kwanza violezo vya kutolea, vinaitwa Export Templates, vya toleo lile lile la Godot unalotumia. Chagua Web. Faili kuu liite index.html. Yafunge mafaili yote kwenye zip moja, index.html likiwa juu kabisa na si ndani ya folda nyingine. Pakia kwenye itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, chagua aina ya HTML, na uweke tiki kwamba faili hilo linachezwa kwenye kivinjari. Kwenye Godot 4.3 na kuendelea, zima Thread Support wakati wa kutoa. Vinginevyo itabidi uwashe SharedArrayBuffer kwenye mipangilio ya ukurasa wako wa itch.io.

Toa na ya Windows pia, wapo wanaopenda kupakua. Steam, duka la gemu la mtandaoni, inatoza ada ya dola 100 kwa kila gemu, kwa hiyo isubiri gemu ya pili au ya tatu.

Yakikukwamisha

Nabofya, hakuna kinachotokea. Mara nyingi umeweka TextureRect au ColorRect juu ya mandhari, labda pazia la kufifisha skrini. Nodi za aina hiyo zinameza mibofyo hata zikiwa haziangazi kitu. Weka Mouse Filter yake iwe Ignore. Kama siyo hiyo, angalia kama umeunganisha ishara ya input_event, na kama Input Pickable imewashwa.

Nimeuchukua ufunguo, nikirudi naukuta tena. Scene inapofunguliwa inaanza upya kabisa. Kwenye _ready ya ufunguo andika: if Hali.ana_ufunguo: queue_free().

Mlinzi anapita juu ya nguzo badala ya nyuma yake. Ongeza Z Index ya tabaka la mbele.

Kuna utando mweupe kandokando ya mhusika. Rudi GIMP, weupe haukuondoka wote. Ukiwa umeondoka, chagua picha ndani ya Godot, nenda Import, hakikisha Fix Alpha Border imewashwa, halafu ubonyeze Reimport.

Mistari ina meno meno. Unaonyesha picha kubwa ikiwa imepunguzwa ndani ya Godot. Ipunguze GIMP ifikie ukubwa itakaotumika. Kama lazima ibaki kubwa, washa Mipmaps kwenye Import, na Texture Filter ya nodi iwe mojawapo ya zenye Mipmap.

Sauti ya upepo inacheza mara moja inakoma. Loop haijawashwa kwenye Import ya faili hilo la OGG.

Kwenye kivinjari hakuna sauti mwanzoni. Vivinjari haviruhusu sauti kabla mtu hajagusa ukurasa. Anza na skrini ya jina la gemu inayotaka kubofywa.

Kwangu inacheza, kwenye kivinjari baadhi ya picha hazipo. Ni herufi kubwa na ndogo. Windows haijali kama faili linaitwa Ngazi.png au ngazi.png, kwingine wanajali. Ndiyo sababu ya ile amri ya herufi ndogo kwenye hatua ya 5.

Nafungua index.html kwa kubofya mara mbili, napata skrini tupu. Haichezi hivyo, inahitaji seva. Tumia kitufe cha kuendesha kwenye kivinjari kilichomo ndani ya Godot, au ipakie itch.io ukurasa ukiwa bado umefichwa.